Fuko wa Nyika na Siri ya Umri Mrefu

Katika nyika kavu za Ethiopia, Somalia na Kenya, huishi chini ya ardhi mnyama mdogo asiye na manyoya, mwenye ngozi ya makunyanzi na meno yaliyotokeza nje ya midomo, ambaye Eduard Rüppell, mtaalamu wa wanyama kutoka Frankfurt, alimwandika katika daftari la elimu mwaka 1842, kisha ikapita zaidi ya karne moja kabla hajatokea mtu wa kuyachunguza maisha yake kwa kina. Mnyama huyo ni fuko, na uzito wake, aghalabu gramu 35 hivi, hauzidi sana ule wa panya mdogo wa majumbani; lakini ilhali panya huyo, hata akilishwa vizuri na kulindwa asiliwe na paka, ni nadra kuipita miaka 4, fuko hufikia miaka 30 na zaidi.

Kwamba kila nafsi ina ajali yake ni jambo tulikubalilo sote. Ila kwa nini aina moja ya wanyama ikadiriwe muhula mfupi na jamaa yake wa karibu muhula mrefu, ni suala lililowasumbua wanazuoni tangu zamani. Mwaka 1881 Mjerumani August Weismann alitoa hoja kwamba wazee hufa ili kuwapisha vijana, na kwa njia hiyo aina nzima ya mnyama hunufaika. Hoja hiyo ilipendwa sana, nayo ilikuwa dhaifu, maana inachukua kuwa ni yakini kwamba mzee amekwisha kuchakaa, na hilo ndilo hasa lililotakiwa kuelezwa.

Jawabu lenye nguvu lilitoka kwa Peter Medawar, katika hotuba aliyoitoa mwaka 1951 katika Chuo Kikuu cha London. Alisema kwamba porini wanyama wengi huuawa na maadui, njaa na maradhi kabla ya kuzeeka, na kwa hiyo jeni yenye kudhuru uzeeni tu haizuiliwi na lolote, kwani mwenye nayo amekwisha kuzaa na kuirithisha. Mmarekani George Williams akaongeza mwaka 1957 kwamba jeni ile ile imfaayo kijana katika uzazi huweza kuwa ndiyo imwangamizayo mzee; naye Thomas Kirkwood, mwaka 1977, akaonyesha kwamba mwili una akiba yenye kikomo, na kinachotumika kuzaa hakiwezi kutumika tena kujikarabati. Hakuna tajiri atakayegharimia mbao za msaji kwa jahazi ajualo kuwa litavunjika mwambani kabla ya kusi la pili. Na panya, ambaye hatari humzunguka kila upande, hali yake ndiyo hiyo.

Ikiwa kauli hizo ni za kweli, basi mnyama aliyeepukana na maadui kwa vizazi vingi atazeeka polepole. Steven Austad alilithibitisha hilo mwaka 1993, alipoonyesha kwamba oposamu wa kisiwa cha Sapelo, Marekani, wasio na maadui wakubwa, huzeeka taratibu kuliko wenzao wa bara. Popo nao, kwa kuwa huruka na kuwakwepa maadui, huishi miaka mingi kupita kiasi cha miili yao.

Lakini shahidi mkuu alikuwa fuko wetu. Jennifer Jarvis alianza kumchunguza nchini Kenya mwaka 1967, na mwaka 1981 akautangazia ulimwengu kwamba fuko huishi kama nyuki: katika kundi la makumi kadhaa, malkia mmoja tu ndiye azaaye, pamoja na dume mmoja au wachache, na waliobaki huchimba, hutafuta viazi vya mwituni na kulinda mashimo. Nyoka huingia, ni kweli, walakini udongo mgumu ni ngome ambayo panya hakujaliwa. Rochelle Buffenstein, aliyepata kufanya kazi pamoja na Jarvis, aliendelea kuwatunza na kuandika umri wao, na baadhi ya waliokamatwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wangali hai karne mpya ilipoingia. Mwaka 2018, kwa kumbukumbu zaidi ya 3,000, yeye na wenzake walitangaza kwamba hatari ya kufa kwa fuko haiongezeki kadiri umri unavyopanda, kinyume cha kanuni aliyoiweka Benjamin Gompertz mwaka 1825. Kuna waliopinga, wakisema kuwa fuko wazee waliohesabiwa ni wachache mno. Na vipimo vilivyofuata vimeonyesha kwamba vinasaba vyake havikosi alama za uzee. Mimi naona waliopinga wana haki: fuko huzeeka, ila huzeeka kwa uvivu mkubwa.

Uvivu huo umeandikwa wapi? Jeni zake zote zilisomwa mwaka 2011. Mwaka 2013 Vera Gorbunova na Andrei Seluanov, wa Chuo Kikuu cha Rochester, New York, waligundua kwamba seli zake hutoa kemikali iitwayo hyaluronani, nzito isiyo ya kawaida, ambayo humkinga na saratani. Mwaka 2022 watafiti wa Taasisi ya Sanger, Uingereza, walipima matumbo ya aina 16 za mamalia, wakakuta kwamba seli ya panya hupata mabadiliko ya vinasaba kama 800 kwa mwaka, ya mwanadamu kama 47, na kwamba mwisho wa uhai jumla zao hukaribiana. La kustaajabisha zaidi, fuko na twiga, ambao umri wao hautofautiani sana, walikuwa karibu sawa, ijapokuwa twiga humzidi fuko kwa uzito mara elfu nyingi.

Mwaka 2023 watafiti wa Rochester waliipandikiza kwa panya jeni ya fuko inayotengeneza hyaluronani, na umri wa kati wa panya hao ukaongezeka kwa asilimia 4.4. Ni faida ndogo, nayo yatosha kuonyesha kwamba umri mrefu hautokani na jeni moja, bali na nyingi zilizochujwa pamoja kwa mamilioni ya miaka ndani ya udongo ule. Vyuo vikuu vyetu vya Afrika ya Mashariki visiwaachie wageni peke yao kazi hii, kwa kuwa maisha ya fuko akiwa huru, pamoja na nyoka, ukame na jembe la mkulima, hayawezi kusomwa katika maabara ya New York, yatasomwa Tsavo.