Karai la Bibi na Zamu za Usiku

Ukishuka matatu Ukunda saa sita za usiku, pale njia panda ya kuingilia Diani, harufu ndiyo inayokulaki kwanza: mafuta ya karai, mishkaki juu ya makaa, chai ya maziwa yenye iliki. Nimelelewa na harufu hiyo. Bibi yangu mzaa baba alikuwa mkaanga viazi wa usiku, na leo karai lake limo mikononi mwa shangazi yangu.

Bibi hakuanzia Ukunda. Alianzia Ramisi, nje ya lango la kiwanda cha sukari kilichojengwa miaka ya 1920, ambako baba yangu alifanya kazi kwenye boila. Miwa ikishakatwa haingoji, sukari yake hupungua kadiri inavyolala. Kwa hiyo msimu wa kusaga mitambo ilinguruma usiku na mchana, na watu wakapokezana kwa zamu. Zamu ya jioni ilipotoka, njaa ilitoka nayo langoni, na bibi alikuwa keshawasha jiko.

Viazi alivichemsha alasiri na kuvimenya vingali na moto, akivipuliza vidole. Unga wa ngano aliukoroga kwa maji, chumvi na bizari mpaka ukawa mzito wa kushika kijiko. Kisha alidondosha tone moja karaini na kulitazama. Likizama likakaa chini, mafuta bado. Likiibuka likitoa povu pembeni, tayari. Hakuwahi kutumia kipimo kingine. Viazi vilitoka na ganda la manjano, akavifunga kwenye kipande cha gazeti, akaongeza kijiko cha ukwaju wa pilipili. Kando yake aliketi mzee wa kahawa na dele lake, akigonganisha vikombe ili watu wajue yupo. Huyo alimimina kahawa chungu yenye tangawizi, na kashata ya nazi kwa aliyetaka kupoza ulimi.

Kwetu pwani chakula cha usiku wa manane kina jina moja tu la heshima, daku, nalo ni la mwezi wa Ramadhani. Mjomba wangu mmoja, baharia, alikuwa akirudi likizo na habari za Hong Kong: huko watu hula usiku mwaka mzima, mlo huo wanauita siu yeh, na mikahawa ya Kikantoni hukesha ikiwalisha uji wa mchele na tambi wanaotoka kazini. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: “Na huko wanatoka kazini saa ngapi?”

Naliona swali hilo kuwa ufunguo wa historia nzima ya mapishi ya usiku kusini mwa pwani yetu. Mwaka 1988 kiwanda cha Ramisi kilifungwa. Wafanyakazi wengi waliotoka bara walirudi makwao, na daftari la bibi la madeni likabaki na majina tu. Aliliweka mpaka alipofariki, na hakumlaani hata mmoja. Alibeba karai, akaja Ukunda.

Hoteli kubwa za Diani zilikuwa zimeongezeka tangu miaka ya 1970, na zamu zao nazo zilikuwa na usiku wake. Weita na wapishi walioshinda wakipakua kamba na nyama za kuchoma kwa wageni waliteremka njia panda baada ya saa tano, wakala viazi vya bibi wamesimama, tai zimekunjwa mfukoni. Halafu, usiku wa Agosti 13, 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa na machafuko yakaenea. Wageni waliondoka, hoteli zikapunguza watu. Nakumbuka bibi akichemsha debe moja la viazi badala ya matatu, na bado vingine tukala wenyewe asubuhi.

Watalii walirudi polepole. Baadaye ikaja migodi: Base Titanium ilisafirisha shehena yake ya kwanza mwaka 2014, na madereva wa zamu wakawa wateja wapya wa shangazi. Kilichomvunja zaidi ni kafyu ya korona. Kuanzia Machi 27, 2020, mtu alitakiwa awe ndani kati ya saa moja jioni na saa kumi na moja alfajiri. Mpishi wa usiku aliondolewa usiku wenyewe. Shangazi alijaribu kukaanga saa tisa mchana, lakini mchana watu wana wali wao nyumbani. Amri hiyo iliondolewa Oktoba 20, 2021. Jioni hiyohiyo alinunua gunia la makaa.

Mwisho wa 2024 uchimbaji wa Base ulikoma, na wale madereva sasa hawapiti. Wiki iliyopita nilikaa naye hadi saa saba na nusu. Makaa yalikuwa yameanza kuvaa majivu, nikadhani anafunga. Akapita kijana mwenye sare ya ulinzi, sura ngeni.

“Shikamoo mama. Viazi vipo?”

“Marahaba, mwanangu. Mko wangapi huko, na mnatoka saa ngapi?”

“Tuko sita. Tunapokezana saa nane.”

Shangazi akachukua kipepeo, akaongeza makaa.