Kalamu, Waraka na Karatasi: Mimea Ndani ya Uandishi wa Pwani

Historia ya uandishi wa Kiswahili imezoeleka kuelezwa kwa majina ya washairi na tarehe za tenzi. Utendi wa Tambuka, wenye tarehe ya Hijria 1141, yaani 1728, hutajwa pamoja na mtunzi wake Mwengo na mji wa Pate. Ni nadra kuulizwa hati kama hizo ziliandikwa juu ya nini, na kitu hicho kilitoka wapi.

Jibu linaanzia katika maneno yenyewe. Kalamu ni qalam ya Kiarabu, yenye nasaba na kalamos ya Kigiriki, yaani tete. Waraka umetokana na waraqa, jani la mti. Karatasi ni qirtas, ambayo asili yake ni khartes ya Kigiriki, ukurasa uliotengenezwa kwa mafunjo. Hivyo kila aandikaye kwa Kiswahili hutaja tete, jani na funjo bila kujua.

Mafunjo humea tele kandokando ya Ziwa Victoria. Wamisri wa kale walichana kiini cha shina lake, wakapanga vipande katika safu mbili zilizokingamana, kisha wakavigandamiza. Hata hivyo, karatasi iliyofika Pwani haikuwa ya mafunjo. Ufundi wa kutengeneza karatasi kwa nyuzi zilizopondwa ulianzia Uchina, ukapita Asia ya Kati, na kufika Baghdad mwishoni mwa karne ya 8. Jina la kale likahamia kwenye kitu kipya.

Kufikia karne ya 13 ufundi huo ulikuwa umestawi Fabriano, Italia. Matambara ya kitani yaliloweshwa, yakapondwa kwa nyundo zilizoendeshwa na maji ya mto, hata yakawa uji. Fundi alichovya chekeche ya waya katika uji huo, akaitikisa ili nyuzi zishikane, kisha akaulaza ukurasa juu ya kitambaa cha sufu. Ulipokwisha kukamuliwa na kuanikwa, ulipakwa gundi ya ngozi ili usinywe wino. Kitani chenyewe ni mmea, na bila maji safi kazi haikuwa safi. Ufundi huo, basi, ulitegemea shamba na mto sawasawa na mkono wa mtu.

Juu ya chekeche, fundi alifunga waya uliokunjwa kuwa umbo fulani. Umbo hilo halionekani karatasi ikiwa mezani. Huonekana ikiinuliwa kwenye mwanga. Alama mashuhuri ni ya hilali tatu, ambayo karatasi zake kutoka Italia ziliuzwa sana katika nchi za Kiislamu. Misahafu ya Siyu ya karne ya 18 na 19 nayo iliandikwa juu ya karatasi zilizotoka Ulaya.

Hapa ndipo suala linapokuwa zito. Hati nyingi za Pwani hazina tarehe. Alama ya karatasi, ikilinganishwa na alama zilizokwisha kujulikana, yaweza kusaidia kukadiria umri wa nakala. Lakini mazoea ya wahariri yamekuwa kuhamisha maneno katika herufi za Kirumi, kuyachapisha, na kuusahau ukurasa. Hata picha ya kawaida huhifadhi maandishi tu, wala haionyeshi kilichomo ndani ya karatasi.

Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alikusanya hati nyingi zilizomo leo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nyingine zingali majumbani, zikikabiliwa na unyevu na mchwa. Hati ikishanakiliwa, ni rahisi mwenyewe kudhani kuwa kazi imekwisha na ukurasa mkongwe hauna faida tena. Dhana hiyo ni hasara. Ukurasa nao ni maandishi: unaeleza biashara, maji, mimea na mikono iliyoufikisha Pate au Siyu, na habari hizo hazimo katika beti.