Kambi za Kando ya Mto Kagera

  Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni neno moja tu: KAMBI. Ninyi mlio na karatasi ya somo hili mkononi, wekeni kidole chini ya neno hilo, mlisome pamoja kwa sauti. Vema.

Neno hili mnalijua. Wavuvi wa dagaa hupiga kambi visiwani. Askari hupiga kambi porini. Na siku hizi wako wageni wanaolipa fedha ili wakalale ndani ya hema, kando ya maji, katika hifadhi ya wanyama, hali nyumbani kwao wana vitanda vizuri na blanketi. Wazee wengine hucheka wakisikia habari hiyo. Mtu mwenye kitanda anatafuta nini majanini? Swali hilo ni zuri. Basi leo tutaeleza habari za kulala kambini katika nchi hii ya Kagera, tangu siku za misafara mpaka siku hizi za hifadhi. Mtaona ya kuwa jambo hili si geni hapa, wala halikuanza kwa starehe.

Tuanze na mji wenyewe wa Bukoba. Mwezi wa Novemba 1890 alifika hapo Emin Pasha, Mjerumani, akiwa katika kazi ya serikali ya Ujerumani. Watu wake walipiga kambi karibu na Ziwa, kisha wakajenga boma. Maduka, shule na ofisi zote zilikuja nyuma ya kambi hiyo. Kwa hiyo mtu wa Bukoba asidharau hema. Mji wa Wazungu hapo ulianzia ndani yake.

Lakini katika Karagwe kambi za misafara ni za zamani zaidi. Mto Kagera mnaujua. Maji yake hutoka katika milima ya Burundi na Rwanda, hupita kwenye maporomoko ya Rusumo, hufuata mpaka wa Rwanda kwenda kaskazini, kisha hugeuka mashariki na kupita Kyaka, hata kuingia katika Ziwa Viktoria ng'ambo ya mpaka wa Uganda. Vilima vya Karagwe husimama juu ya bonde la mto huo. Usiku kuna baridi kali, na asubuhi ukungu hulala mabondeni kama maziwa ndani ya kata.

Katika nchi hiyo alitawala Rumanyika Orugundu, na ikulu yake ilikuwa Bweranyange. Mwezi wa Novemba 1861 Waingereza wawili walifika kwake, Bwana John Hanning Speke na Bwana James Augustus Grant. Walikuwa wanatafuta chanzo cha mto Naili. Njia yao ilipita karibu na Ziwa Burigi, lile lililo upande wa magharibi wa Muleba. Baada yao walikuja wengine, na vitabu vingi vimeandikwa kuwasifu. Sisi leo tutawatazama watu ambao vitabu hivyo haviwataji sana, yaani wapagazi.

Mpagazi alibeba mzigo wa ratili sitini au sabini. Ratili sabini ni frasila mbili. Ukitaka kuujua uzito huo, chukua debe la maji lililojaa, uliongezee nusu ya debe lingine na zaidi kidogo, kisha utembee nalo tangu alfajiri hata jua likiwa juu. Ndani ya mizigo ile mlikuwa na nguo, ushanga na waya wa shaba wa kununulia chakula, tena risasi na baruti. Tena mlikuwa na mahema. Hema la turubai likilowa mvua huwa zito kupita kiasi, wala mpagazi hakupewa ruhusa ya kungoja likauke.

Kirangozi alitangulia na bendera. Yeye ndiye aliyejua njia na vituo, na mara nyingi ndiye aliyechagua mahali pa kulala. Alitazama mambo matatu: maji, kuni, na amani ya wenyeji. Walipofika, mizigo iliwekwa pamoja katikati, na hema la Mzungu likasimamishwa kwanza. Kisha watu waligawanyika. Wengine walikata miti na nyasi, wengine walichota maji, wengine waliwasha moto. Kwa muda mfupi tu palikuwa na vibanda vya majani vilivyozunguka mizigo, na penye hofu ya simba au ya maadui walizungusha miiba. Wapagazi walijiunga katika vikundi vidogo, kila kikundi na chungu chake. Posho ya kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku.

Angalieni vizuri, ndugu zangu. Mtu aliyelibeba hema mchana kutwa hakulala ndani yake usiku. Alilala ndani ya majani aliyoyakata mwenyewe, na asubuhi akayaacha hapo, akabeba tena hema la mwingine. Wengi waliugua, wengi walitoroka, na wako waliokufa njiani. Bwana Speke aliondoka pwani mwaka 1860 na watu karibu mia mbili. Alipofika Gondokoro katika Sudani mwaka 1863, waliobaki naye hawakufika hata thelathini. Mmoja wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa Bara Hindi, kisha akapata uhuru wake na kurudi Unguja. Huyu alisafiri na Burton, na Speke, na Stanley, na Cameron. Mimi naona kwamba hapana Mzungu mmoja katika hao aliyezijua kambi za nchi hii kama Bombay. Uzeeni alipewa pensheni ndogo na Chama cha Jiografia cha Uingereza.

Sasa mwalimu aandike ubaoni neno la pili: HONGO. Leo neno hili lina maana mbaya, maana ya rushwa. Zamani halikuwa hivyo. Hongo ilikuwa ada ambayo mwenye nchi aliitoza misafara ipitayo kwake, nayo ilikuwa haki yake. Katika Usui, kabla ya kuingia Karagwe, mtawala Suwarora aliwatoza Speke na Grant nguo na waya nyingi hata wakanung'unika sana. Walipoingia Karagwe mambo yaligeuka. Rumanyika aliamuru wasitozwe chochote, na wakubwa wa vijiji wawape chakula kwa jina la mfalme. Fikirini furaha ya wapagazi! Watu waliokuwa wakihesabiwa kibaba waliona mbuzi, kuku, ndizi na pombe ya ndizi. Bwana Grant alikuwa na kidonda kibaya cha mguu, hawezi kutembea. Speke alimwacha huko mwezi wa Januari 1862, akavuka Kagera kwa mitumbwi kwenda Buganda. Grant alikaa kwa Rumanyika, akatunzwa hata mwezi wa Aprili, kisha akachukuliwa kwa machela.

Si kila aliyefika alitendewa hivyo, wala si kila mgeni aliwatendea wenyeji kama mgeni. Watu wa Muleba wanajua kisiwa cha Bumbire. Mwezi wa Aprili 1875 Bwana Henry Morton Stanley alifika hapo kwa mashua yake, yeye na watu wake wana njaa, wanatafuta chakula. Watu wa kisiwa hawakumwamini. Waliivuta mashua nchi kavu na kuchukua makasia. Stanley na watu wake wakaisukuma tena majini na kukimbia huku wakipiga bunduki. Kama habari ingeishia hapo, tungesema ni ugomvi wa watu wasiojuana. Lakini mwezi wa Agosti mwaka ule ule alirudi na kundi kubwa la mitumbwi. Alipiga kambi katika kisiwa kilicho karibu, akajitayarisha, kisha akaenda Bumbire. Hakushuka. Alikaa majini, mahali ambapo mishale na mawe hayakumfikia vizuri, akawapiga risasi watu waliosimama pwani. Waliuawa makumi. Aliyaandika hayo mwenyewe katika barua zake kwa magazeti, na zilipochapishwa, watu wengine huko Uingereza walimlaumu vikali. Mwaka uliofuata, 1876, Stanley huyo huyo alikuwa Karagwe, mgeni wa Rumanyika, anapokewa kwa heshima. Alipelekwa hata kuziona chemchemi za maji ya moto za Mtagata, ambako wagonjwa walikuwa wakipiga kambi ili waoge.

Hebu tupumzike kidogo. Mwalimu, waulize wanafunzi: kwa nini watu wa Bumbire walikataa mashua ngeni? Msikilize majibu kabla ya kuendelea.

Haya, tuendelee. Kambi za siku za karibu zaidi tutazitaja kwa ufupi, kwa kuwa wengi wenu mlizishuhudia au mmesimuliwa na wazazi wenu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia nchi ya kaskazini ya mto Kagera, na mwanzoni mwa Novemba yakavunja daraja la Kyaka. Watu walikimbilia kusini na watoto na magodoro kichwani. Mwezi wa Aprili 1994 watu wa Rwanda, kiasi cha robo milioni, walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco katika Ngara ikawa kubwa kupita mji. Wengi walikaa hadi Desemba 1996. Mtu aliyefukuzwa kwake hapaswi kulaumiwa kwa kutafuta kuni. Hata hivyo, yatupasa kusema kweli: watu wengi namna ile hupika kila siku, na misitu ilikatwa mbali sana. Majangili nao wakapata soko la nyama. Wanyama wa Burigi na Kimisi walipungua mno katika miaka ile.

Ndiyo maana habari ya mwaka 2019 si ndogo. Mwaka huo mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilometa za mraba zaidi ya 4,700, na sehemu yake imo katika Muleba. Mwaka huo huo zilitangazwa hifadhi mbili nyingine ndogo, kila moja haifiki kilometa za mraba 300. Ibanda-Kyerwa iko penye pembe ya mto Kagera, ikitazamana na Rwanda na Uganda. Rumanyika-Karagwe ni ya vilima na misitu, nayo yaitwa kwa jina la mfalme yule aliyewakataza watu wake kutoza hongo. Sasa katika vilima hivyo mgeni hulipa ada ya kuingia na ada ya kulala. Sidhani kama Rumanyika angekasirika. Yeye naye alijua thamani ya wanyama. Speke alipowinda vifaru katika Karagwe, alimpelekea mfalme vichwa vyao.

Ada hiyo mwananchi huilipa kwa shilingi, nayo ni ndogo kuliko ya mgeni wa nje. Lakini ndani ya hifadhi ya taifa hapana ruhusa ya kulima, wala kulisha ng'ombe, wala kukata kuni, hata kama babu yako alikata hapo. Jambo hili huleta uchungu kwa majirani, na uchungu huo si wa hapa peke yake. Huko Marekani liko bonde la Yosemite, kati ya milima, na mto Merced wapita katikati. Askari waliwatoa wenyeji wake kwa nguvu mwaka 1851, na mwaka 1864 serikali ikalitenga bonde liwe la kutazamwa. Leo watu huja kwa maelfu kupiga kambi mahali ambapo wenyeji walikuwa na vijiji. Wanaosimamia hifadhi zetu wangefanya vema kuisoma habari hiyo.

Bonde hilo lina habari nyingine ya kutufaa. Palikuwa na viwanja vya kambi kando kabisa ya mto Merced, pazuri sana. Mwezi wa Januari 1997 mto ulifurika, ukavisomba. Mto utokao milimani huweza kujaa usiku kwa mvua iliyonyesha mbali, hali wewe unaona nyota. Kirangozi wa zamani alilijua hilo bila kusoma kitabu.

Basi, kama darasa lenu litapata nafasi ya kwenda kulala katika hifadhi, mtafuteni askari wa hifadhi awaonyeshe mahali palipotengwa. Hema lisisimamishwe kwenye njia ya viboko. Mchana kiboko hukaa majini, usiku hutoka kula majani, na akirudi kwa hofu hamwepuki mtu. Mkiona majani yamelazwa na udongo umekanyagwa kuelekea mtoni, ondokeni hapo. Maji yasichotwe gizani, kwa ajili ya mamba, na yachemshwe kabla ya kunywa. Msivae nguo za buluu wala nyeusi, maana mbung'o huzipenda rangi hizo. Moto uwashwe mahali pa moto tu, na kuni zitoke nje ya hifadhi. Asubuhi majivu yamwagiwe maji mpaka mkono uweze kuyagusa.

Kazi ya wiki hii ni hii. Kila mmoja amtafute mzee mmoja aliyekuwa mtu mzima mwaka 1978, amwulize alilala wapi usiku wa kwanza baada ya kuikimbia nyumba yake, na nani alimpa chakula. Andika sentensi tano, na jina la mahali uliandike kwa herufi kubwa mwanzo. Kwaherini.