Skripti za Ujenzi wa Nyaraka za Programu Huria na Hatima ya Kiswahili: Mtazamo wa Kihistoria

Mafiga ni kata ya Manispaa ya Morogoro. Kwa msemaji wa Kiswahili, jina hilo pia ni mawe matatu yanayobeba chungu. Likiondolewa moja, chungu humwagika. Nyaraka za programu huria nazo husimama juu ya mafiga matatu: matini chanzo, skripti inayoigeuza matini hiyo kuwa kitabu au kurasa za kusomwa, na mtu anayeitunza skripti hiyo. Makala haya yanajadili mafiga mawili ya mwisho. Hoja kuu ni kwamba, katika nyaraka hizo, kutafsiri pekee hakutoshi kukidumisha Kiswahili.

Historia hii inaanzia Bell Labs, Marekani, mwaka 1976, Stuart Feldman alipoandika programu ya make. Mwenzake alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa ambalo tayari alikwishalisahihisha. Faili lililosahihishwa halikuwa limejengwa upya. Make hulinganisha nyakati za kubadilishwa kwa mafaili, kisha hujenga upya lile tu lililopitwa na chanzo chake. Feldman alitaka kila mstari wa amri uanze kwa alama ya kitufe cha Tab. Baadaye aliuona udhaifu wa uamuzi huo, lakini aliuacha kwa kuwa watumiaji wapatao kumi na wawili walikwishauzoea. Kanuni hiyo ingalipo, na ingali inawakwaza wanaoanza.

Mradi wa GNU, uliotangazwa mwaka 1983, ulileta Texinfo, ambayo kutoka chanzo kimoja hutoa kitabu cha kuchapwa na matini ya kusomwa kwenye skrini. Mwaka 2008 ilitolewa Sphinx, iliyotengenezwa kwa ajili ya nyaraka za Python. Toleo lake la 1.1 la mwaka 2011 liliwezesha matini kuchopolewa na kuwekwa katika mafaili ya tafsiri ya gettext.

Kiswahili kilikuwa kimekwishaingia katika uwanja huu. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la OpenOffice.org. Hata hivyo, tafsiri iliyokamilika leo si lazima ionekane kesho. Sentensi ya Kiingereza inapobadilika, mfumo wa gettext huitia tafsiri yake alama ya shaka. Wakati wa kujenga, tafsiri hiyo huachwa na Kiingereza hurudi mahali pake. Aidha, po4a, kwa mpangilio wake wa kawaida, haitoi kabisa waraka uliotafsiriwa chini ya asilimia 80. Tuchukulie waraka wa sentensi 100, ambapo 82 zimetafsiriwa. Zikibadilika 3 kati ya hizo, hubaki 79, na waraka mzima wa Kiswahili hautolewi, ingawa hakuna aliyefuta hata neno moja.

Hivyo basi, skripti si chombo kisichopendelea upande. Hubeba uamuzi kuhusu lugha itakayosomwa. Kwa vyuo vya Tanzania, kikiwemo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichopo Morogoro, funzo ni kwamba mradi wa tafsiri unapaswa kumwandaa mtunzaji pamoja na mfasiri: mtu wa kuiendesha skripti kila chanzo kinapobadilika, kukagua sentensi zilizoachwa na kuandika sababu za kila kiwango kilichowekwa. Figa hilo likikosekana, kazi ya mfasiri humwagika kimyakimya.