Daftari la Mahudhurio na Historia ya Korona Isiyoandikwa

Machi 17, 2020, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule zote nchini, kuanzia za awali hadi kidato cha sita, kwa siku 30. Siku moja kabla, Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alikuwa amewatangazia Watanzania mgonjwa wa kwanza wa korona, msafiri aliyetoka Ubelgiji na kushukia Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan alilitangazia taifa kifo cha Rais John Magufuli, ambaye kabla ya siasa aliwahi kuwa mwalimu wa kemia na hisabati Sengerema. Kati ya tarehe hizo mbili umelala mwaka ambao wanahistoria wetu watahangaika nao kwa muda mrefu, kwa kuwa sehemu yake kubwa haina takwimu.

Makala hii inauliza swali dogo juu ya mwaka huo. Mwalimu wa shule ya msingi katika eneo kama Kerende, wilayani Tarime, alipata wapi habari za afya? Na habari alizokuwa nazo yeye zilikwenda wapi? Nimeichagua Kerende kwa makusudi. Iko jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara. Ni mbali na Dodoma, na ni mbali zaidi na Dar es Salaam, lakini haiko pembeni mwa dunia: dhahabu inatoka, watu wanaingia na kutoka, upande mmoja kuna Serengeti na upande mwingine mpaka wa Kenya. Ugonjwa unaosafiri na watu hauwezi kuliruka eneo la namna hiyo.

Tuanze na mfuatano wa matukio. Zile siku 30 za awali ziliongezwa Aprili bila kikomo. Aprili 17 hadi 19 zikawa siku za maombi ya kitaifa. Aprili 29 hesabu ya taifa ilisimama kwenye wagonjwa 480. Zanzibar ilipoongeza wagonjwa wake mapema Mei, jumla ikawa 509 na vifo 21, na hapo ikaganda kwa zaidi ya mwaka. Mei 3, akiwa Chato, Rais alieleza kuwa sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara kwa siri zilirudi na majibu ya kuwa na virusi. Juni 1 vyuo na kidato cha sita vilifunguliwa, na Juni 29 wanafunzi wengine wote wakarejea. Tangu tangazo la Majaliwa zilikuwa zimepita siku 104.

Lazima niwe mkweli kwa wasomaji wanaoamini kwamba kufungua shule mapema lilikuwa kosa. Uamuzi ule unaweza kutetewa. Uganda ilizifunga shule zake Machi 2020, na zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022. Hakuna nchi iliyofunga kwa muda mrefu zaidi. Gharama yake kwa watoto wa maskini, hasa wasichana, inajulikana. Mtoto wa Tarime ambaye nyumbani hana runinga hakuwa na namna ya kusoma kwa vipindi vya runinga. Kwake, mlango wa shule kufunguliwa Juni ulikuwa na maana kubwa.

Lakini kufungua ni jambo moja na kunyamaza ni jambo jingine, na mjadala wetu umekuwa ukiyachanganya. Serikali ingeweza kufungua shule na bado ikatoa takwimu. Iliamua kufungua na kunyamaza kwa pamoja, kana kwamba la kwanza lisingewezekana bila la pili. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Julai 2020 zikaongeza kufuli: kueneza habari za mlipuko wa ugonjwa bila idhini ya mamlaka husika kukawa kosa. Lugha nayo ikajikunja kuendana na hali hiyo. Mapema mwaka 2021 watu wazima, tena wasomi, walizungumzia misiba wakisema marehemu alipata "changamoto ya upumuaji". Kila mmoja alielewa, na hakuna aliyetamka.

Sasa mweke mwalimu mkuu katikati ya hali hiyo. Juni 29 anasimama mstarini mbele ya mamia ya watoto. Ameagizwa kuhakikisha kuna maji tiririka na sabuni. Ametimiza: ndoo yenye koki iko mlangoni. Mzazi anamuuliza kama ugonjwa umekwisha, naye hana jibu lake mwenyewe, kwa sababu hana namba ya mkoa, hana ya wilaya, wala ya kata. Vipimo vilikuwa vikifanyika katika maabara ya taifa Dar es Salaam. Ng'ambo ya pili, Nairobi ilikuwa ikisoma hesabu zake kila siku, na redio haiombi hati ya kusafiria mpakani. Mwalimu wa Tarime aliweza kujua habari za Migori kuliko za Musoma.

Je, haikuwezekana vinginevyo? Historia yetu wenyewe inajibu. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Vikundi vya kusoma viliundwa vijijini, vikapewa vitabu, vikakutana kusikiliza redio, kisha vikajadili malaria, kichocho, kuhara na matumizi ya vyoo. Waliotegemewa kuviongoza vikundi hivyo ni pamoja na walimu wa shule za msingi. Watu wazima wapatao milioni mbili walishiriki, katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa na umeme mchache na barabara mbovu. Baada ya mjadala wanakikundi walitakiwa kuamua la kufanya, na vyoo vingi vilichimbwa.

Sisemi hivyo kwa kutamani yaliyopita. Kampeni ile ilishuka kutoka juu, na ilitokea katika miaka ileile ambayo wananchi walihamishiwa vijijini, wengine kwa nguvu. Hata hivyo ilikuwa na msingi ambao mwaka 2020 haukuwepo: ilimchukulia mwanakijiji kuwa mtu anayeweza kuelezwa ukweli na kuufanyia kazi. Ilianza na maelezo ya ugonjwa, kisha yakaja maagizo. Mwaka 2020 maagizo yalibaki, maelezo yakaondolewa.

Hapo ndipo linapoingia daftari la mahudhurio. Kila siku ya masomo, katika kila darasa la nchi hii, mwalimu huita majina na kuweka alama. Hana maabara, lakini anajua ni nani hakuja, kwa siku ngapi, na mara nyingi anajua sababu, kwa kuwa jirani wa mtoto yuko dawati la pili. Ikiwa watoto watano wa kitongoji kimoja hawakuja kwa wiki moja, hiyo ni taarifa ya afya, hata kama haina jina la kitabibu. Nchi hii ina maelfu ya shule za msingi. Hakuna wizara yenye mtandao wa macho ulioenea kiasi hicho.

Lakini taarifa hiyo hupanda kwa ngazi ya elimu peke yake: kwa mwalimu mkuu, afisa elimu kata, hadi halmashauri. Inapofika juu imekuwa wastani na asilimia. Zahanati iliyo hatua chache kutoka shuleni ina ngazi yake nyingine, inayokwenda kwa mganga mkuu wa wilaya. Ngazi hizo mbili zinaweza kusimama kijiji kimoja mwaka mzima bila kugusana. Shule ikawa mbao ya kubandikia matangazo ya wakubwa, ilhali ingeweza kuwa kituo cha habari.

Kwa Tarime na Serengeti suala hili lina uzito wa pekee. Miongoni mwa koo nyingi za Wakurya msimu wa tohara huja mwezi Desemba wa miaka inayogawanyika kwa mbili. Mwaka 2020 ulikuwa mmoja wao. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wamekeketwa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 10. Upande wa Kenya, ambako shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi, wasichana wengi wa Kuria walikeketwa kuanzia miezi ya Septemba na Oktoba 2020. Kufungwa kwa shule kuliusogeza msimu mbele, kwa sababu hakukuwa na mahali ambapo kukosekana kwa msichana kungeonekana.

Rudia sentensi hiyo, ndugu msomaji, maana ndiyo kiini cha makala hii. Shule humlinda msichana kwa masomo, na pia kwa sababu kila siku kuna mtu anaita jina lake. Jina lisipoitikiwa, kuna anayejua. Daftari likifungwa, au likiwa wazi bila mtu wa kulisoma, ulinzi huo hutoweka, iwe hatari ni kirusi au kisu.

Baadaye mambo yalibadilika, na ni haki kuyataja. Mei 17, 2021 kamati iliyoundwa na Rais Samia ilipendekeza takwimu zitolewe tena. Julai 28 mwaka huo Rais alizindua chanjo kwa kuchanjwa yeye mwenyewe hadharani. Oktoba ulizinduliwa mpango wa mapambano dhidi ya UVIKO-19, wa shilingi trilioni 1.3 zilizotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na kutoka humo yakajengwa madarasa 15,000, yakiwamo 3,000 ya shule shikizi. Novemba 24 serikali ilitangaza kuwa wanafunzi walioacha shule, wakiwamo waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurejea.

Hivyo janga limeacha alama shuleni: kuta, mabati na madawati ambayo wananchi wanayaita "madarasa ya UVIKO". Ni kazi ya kushukuriwa. Lakini tumejenga vyumba vya kukaa watoto bila kujenga njia ya kupitishia habari zao. Mlipuko mwingine ukija kesho, mwalimu atapokea tena simu ya kununua ndoo, na daftari lake litabaki juu ya meza.

Kwa watumishi wa umma ninaowaandikia, pendekezo langu halihitaji mkopo. Afisa elimu kata na mganga mfawidhi wa zahanati wakutane kila Ijumaa kwa nusu saa, madaftari yakiwa mezani. Kwa wanaharakati: kabla ya Desemba ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, hesabuni majina ya wasichana, na muyahesabu tena Januari. Kwa wanafunzi wangu wa historia: nendeni mkayatafute madaftari ya 2020 na 2021 kabla mchwa hawajayafikia. Takwimu za taifa zilisimama Aprili 29, lakini baada ya Juni 29 walimu waliendelea kuita majina kila asubuhi, na wakaandika nani aliitika na nani hakuitika.