Maajabu ya Kando ya Njia: Barabara ya Malori kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi

Wanafunzi wetu wanaoandika historia ya Kiswahili katika Katanga huanza, karibu wote, na misafara ya karne ya 19: Msiri aliyetoka upande wa Unyamwezi akaweka makao yake Bunkeya, pembe za ndovu, shaba, watumwa, kisha kifo chake tarehe 20 Desemba 1891. Hatua ya pili ni reli iliyofika Elisabethville mwaka 1910, pamoja na kambi za wafanyakazi wa Union Minière. Baada ya hapo kalamu zao hukauka. Hata hivyo Kiswahili hakijaacha kuingia Lubumbashi. Huingia kila siku kupitia Kasumbalesa, katika malori yaliyotembea takriban kilometa 2,000 tangu bandari ya Dar es Salaam. Lile ambalo Mtanzania huliita lori, kwetu ni kamyo. Anayeitwa dereva, kwetu ni shofere. Watu hao wawili hukutana kwenye foleni ya mpakani, na jambo moja wanalozungumza ni yale waliyoyaona njiani. Makala haya yanahusu hayo yaliyoonwa. Nia yetu ni kuonyesha kwamba vivutio vya kando ya barabara hiyo ni hati za historia, na kwamba msomaji wa kwanza wa hati hizo ni dereva, ingawa nyingine hapati nafasi ya kuzifungua.

Barabara yenyewe haikutengenezwa ili mtu atazame chochote. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru, na Zambia, ambayo mafuta na bidhaa zake zilipitia kusini, ikalazimika kuitafuta bahari upande wa Dar es Salaam. Mapipa ya mafuta yalipakiwa kwenye malori, yakapitishwa katika barabara ya udongo yenye vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Ajali zilikuwa nyingi hata madereva wa Kiingereza wakaiita njia ya jehanamu. Bomba la mafuta lilianza kazi mwaka 1968, lami ikafuata, na reli ya TAZARA, kilometa 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ikajengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Uchimbaji wa shaba na kobalti ulipofufuka kwetu katika miaka ya 2000, njia hiyo ya dharura ya Zambia ikawa pia njia ya Katanga.

Kivutio cha kwanza kwa anayetoka pwani ni Mikumi. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964, na barabara inaikata kwa kilometa 50 hivi. Twiga na tembo huonekana bila kiingilio. Lakini kinachotuvutia zaidi sisi wa taaluma ya lugha ni ubao wa faini. Kila mnyama anayeweza kugongwa ametajwa hapo pamoja na kiasi atakachotozwa aliyemgonga, na wanyama wamepangiwa thamani kama watu wa makabaila na makabwela. Dereva huusoma kwa makini kuliko sisi tunavyosoma sheria za chuo, kwa kuwa mshahara wake wote unaweza kulala chini ya kwato za nyati mmoja.

Mbele kidogo ni Ruaha Mbuyuni, penye mibuyu minene na vitunguu vinavyouzwa kando ya lami. Jina limefanyika kwa kiambishi cha mahali tu, -ni, kama yanavyofanyika majina mengi ya vituo vya njiani: mti ulitoa kivuli, kivuli kikasimamisha watu, watu wakaleta soko. Baada yake huja mlima Kitonga na kona zake, ambapo hakuna anayetazama mandhari ila abiria.

Kilometa 20 hivi baada ya Iringa, karibu na barabara, ni Isimila. Maji ya mvua yamechimba bonde na kuacha nguzo ndefu za udongo, na katika bonde hilo zilipatikana zana za mawe za binadamu wa kale. Mahali hapo palitambuliwa mwaka 1951, na uchimbaji mkubwa ukafanywa mwaka 1957 na 1958 chini ya Clark Howell. Umri wa zana hizo unakadiriwa kuwa zaidi ya miaka 200,000. Shoka la mkono la Isimila lina umbo linalofanana sana na yale ya Kalambo, upande wa Zambia, jambo linaloonyesha kwamba ufundi ulikuwa umeenea katika eneo hili kabla ya mpaka wowote.

Sasa tufike Mbozi, ambako ndiko kiini cha maneno yetu. Kati ya Mbeya na Tunduma kuna njia inayochepuka kwenda kilima cha Marengi. Huko limelala jiwe la chuma lililoanguka kutoka angani, lenye urefu wa zaidi ya meta 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Karibu sehemu tisa kwa kumi ni chuma. Nyingi ya iliyobaki ni nikeli. Ulimwengu wa nje ulilijua mwaka 1930, alipolifikia mpima ardhi W. H. Nott. Wakati huo sehemu kubwa ilikuwa imefunikwa na udongo. Walichimba pande zote, wakaacha nguzo ya udongo chini yake, baadaye wakaiimarisha kwa saruji, na ndiyo sababu leo jiwe linaonekana kama limewekwa mezani.

Jina lake rasmi ni Kimondo cha Mbozi, na hapo mwanaisimu hana budi kusimama. Kimondo katika Kiswahili cha pwani ni kwanza ule mwanga unaokata anga usiku, ambao wacha Mungu wameufafanua kwa sura ya 67 ya Kurani, pale nyota zinapotajwa kuwa silaha za kuwapigia mashetani. Kifaransa hutenganisha mwanga na jiwe, météore na météorite. Kiswahili huvifunga katika neno moja. Lakini Mbozi hakuna aliyehifadhi habari za mwanga huo, wala hakuna shimo lililoachwa na kishindo. Inaelekea jiwe lilianguka zamani mno, na jina la kimondo likaja baadaye, pamoja na elimu ya vitabu. Tena Wanyiha, wenyeji wa huko, walikuwa mafundi wa kuyeyusha chuma. Walikusanya mawe yenye madini, wakachoma makaa, wakavukuta, ilhali tani 16 za chuma kilichokwisha kuwa chuma zimelala kilimani. Sababu yaweza kuwa ugumu wake tu: hata wataalamu waliotaka kipande cha kuchunguza walilazimika kukikata kwa msumeno wa chuma.

Je, dereva wa Lubumbashi amekiona? Kwa kawaida hapana. Kutoka lami hadi jiwe ni zaidi ya kilometa 10, na lori la mizigo pamoja na tela lake, ambalo sheria ya Tanzania huliruhusu kufika tani 56, haligeuzwi ovyo katika njia za vijijini. Anayepita mara ishirini kwa mwaka hukijua kwa kibao. Mgeni wa siku moja mwenye gari dogo hukigusa kwa mkono. Hali ni afadhali huko Zambia, kusini ya Mpika, ambako pango la Nachikufu na michoro yake halipo mbali na barabara kuu, ingawa si wengi wanaosimama.

Upande wetu, dereva wa Kitanzania anayeingia Lubumbashi hupokewa na ajabu lisilohitaji kuchepuka: bomba la moshi la Gécamines na mlima mweusi wa masalio ya tanuru, ambayo yalianza kulundikwa kazi ya kuyeyusha shaba ilipoanza mwaka 1911. Sisi huuita kwa Kifaransa, terril. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 mlima huo umekuwa ukichotwa tena kwa ajili ya kobalti iliyosahauliwa ndani yake, na sehemu ya kobalti hiyo imerudi baharini kwa barabara hii hii. Wageni wanauitaje kwa Kiswahili chao? Kichuguu, jalala, mlima wa moshi? Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu aende Kasumbalesa na daftari, akae kwenye foleni, aulize.