Mahali Tusipokaa

Windhoek, mji mkuu wa Namibia, umejengwa mahali ambapo mtu wa nchi zetu za mvua hangefikiri kujenga mji. Uko mita 1,650 hivi juu ya usawa wa bahari, katika nyanda za juu zilizo kati ya majangwa mawili, Namib upande wa magharibi na Kalahari upande wa mashariki. Mito ya nchi ile inayotiririka mwaka mzima iko mipakani tu, mamia ya kilomita kutoka mjini. Mvua ya mwaka haifiki milimita 400. Dodoma, ambako sisi tunalia ukame, hupata zaidi ya hapo. Mgeni hushangazwa na ukavu wa hewa, midomo kupasuka, na baridi ya usiku wa Julai inayofuata mchana wa jua kali.

Mji uko pale kwa sababu ya chemchemi. Wanaosema Kikhoekhoe walipaita Ai-Gams, yaani maji moto, na Waherero walipaita Otjomuise, mahali pa mvuke. Majina yote mawili yanataja maji, kwa kuwa hapakuwa na sababu nyingine ya mtu kusimama pale na mifugo yake.

Sisi Walutheri wa Tanzania tuna sababu ya kuijua historia ya mji huu kuliko tunavyoijua. Tulitawaliwa na Mjerumani mmoja, miaka ileile, na wamisionari waliotuletea Injili walitoka katika nchi ileile iliyowapeleka wamisionari kule. Hata leo baadhi ya dayosisi zetu na Kanisa la Kilutheri lililotokana na Misheni ya Rhein kule Namibia ni wanachama wa umoja mmoja wa misheni.

Aliyefanya makao pale mapema ni Jonker Afrikaner, kiongozi wa Waorlam, yapata mwaka 1840. Tunapenda kukumbusha kwamba kanisa la mawe lilijengwa pale na watu wa Jonker, lenye nafasi ya watu 500, nusu karne kabla ya ngome yoyote ya Kijerumani. Mwishoni mwa 1842 walifika wamisionari wa Rhein, Carl Hugo Hahn na Franz Heinrich Kleinschmidt. Hawakukaa sana. Wamethodisti walipokuja mwaka 1844, hao wawili waliondoka wakaenda kuwahubiria Waherero. Baadaye vita na uhamaji viliwatawanya watu wa Jonker, na Curt von François alipofika na askari wake mwaka 1890 alikuta magofu na chemchemi. Tarehe 18 Oktoba mwaka huo aliweka msingi wa ngome, na Wajerumani hadi leo huihesabu siku hiyo kuwa ya kuzaliwa kwa mji. Waherero na Wanama hawahesabu hivyo.

Yaliyofuata yanaumiza kuyaandika katika kitabu cha kanisa, lakini mahali pake ni hapahapa. Waherero walipoinuka mwaka 1904 kupinga kunyang'anywa ardhi na mifugo, Jenerali Lothar von Trotha alipigana nao Waterberg mwezi Agosti, kisha akawasukuma katika jangwa la Omaheke na kuwazuilia visima. Tarehe 2 Oktoba alitoa amri kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mpaka wa Wajerumani, mwenye silaha au asiye nayo, apigwe risasi. Tunaposoma Mwanzo 21, habari za Hajiri na mtoto wake nyikani, tunakuta Ibrahimu, pamoja na kosa lake la kumfukuza mjakazi, alimtwika kiriba cha maji. Von Trotha alifukuza watu huku akiweka ulinzi kwenye maji. Wanama nao walipigana, nao wakaangamizwa. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya 1985 ilikadiria kuwa Waherero 65,000 kati ya 80,000 walikufa. Mwaka 1905, wakati hayo yakiendelea, kwetu Maji Maji ilianza.

Kanisa lilikuwa wapi? Amri ile ilipofutwa mwishoni mwa 1904, wamisionari walipewa kazi ya kuwakusanya walionusurika, na watu walijisalimisha kwao kwa sababu waliwaamini. Kutoka vituo vya wamisionari walipelekwa kwenye kambi za mateso. Kambi kubwa ya Windhoek ilikuwa kando ya ngome, na wengi waliofungwa humo walikuwa wanawake na watoto, wakifanyishwa kazi za kuujenga mji. Hatusemi kila mmisionari alijua mwisho wa jambo. Wengine waliwalisha wafungwa na kulalamika kwa wakubwa. Lakini imani ya watu kwa mtumishi wa Mungu ilitumika kuwa mlango wa kambi, na sisi tunaovaa kanzu ileile tunapaswa kulitamka hilo bila kulizungusha.

Karibu na hapo, juu ya kilima kidogo, linasimama Kanisa la Kristo, lililowekwa wakfu mwezi Oktoba 1910. Ni jengo zuri, la mawe yaliyochongwa karibu na mji, na madirisha yake ya vioo vya rangi ni zawadi ya Kaizari Wilhelm II. Watalii hulipiga picha kuliko jengo lingine lolote mjini. Ndani, ukutani, yapo mabamba yenye majina ya Wajerumani waliokufa katika vita vile. Hakuna jina la Mherero wala Mnama. Msharika anayeinua macho kutoka katika kitabu cha nyimbo huona nani anakumbukwa mbele za Mungu na nani hakuandikwa.

Makaburu wa Afrika Kusini walipochukua nchi, watu weusi wa Windhoek waliishi sehemu iliyokuja kuitwa Mtaa wa Zamani. Zilikuwa nyumba duni, lakini walizijenga wenyewe, na makabila yalichanganyika. Miaka ya 1950 serikali iliamua kuwahamishia mbali zaidi na mji, katika nyumba za kupanga zilizopangwa kwa kabila, herufi ya kabila ikiandikwa mlangoni. Watu walikataa. Tarehe 10 Desemba 1959 polisi waliwafyatulia risasi, wakafa watu 11. Sam Nujoma, mmoja wa walioongoza upinzani ule, alitoroka mwaka uliofuata, na chama chake cha SWAPO kikapata ofisi Dar es Salaam.

Mahali pale papya watu walipaita kwa Kiherero Katutura. Maana yake ni mahali ambapo hatuna makao, mahali tusipokaa.

Kila mchungaji anayesikia jina hilo hukumbuka Waebrania sura ya 13, panapowafundisha waumini kuwa wao ni wasafiri na mji wao uko mbele. Tumelihubiri fungu hilo makaburini mara nyingi. Lakini lazima tulinde mpaka wake. Muumini anapokiri kwa hiari kwamba yeye ni msafiri, hiyo ni imani. Serikali inapomwambia kwamba hana haki ya kukaa alipozaliwa, huo ni uporaji, na mhubiri anayemfariji kwa fungu lile bila kumkemea mporaji amelitumia Neno vibaya. Watu wa Katutura hawakuwa wakijifunza theolojia walipolitoa jina lile. Walikuwa wakikataa.

Mtaa wa Zamani ulifungwa mwaka 1968. Mwaka huohuo Windhoek ulikuwa mji wa kwanza duniani kusafisha maji machafu, pamoja na ya vyooni, na kuyarudisha moja kwa moja kwenye mabomba ya kunywa, kwa mtambo wa Goreangab. Chemchemi za zamani zilikuwa zimeelemewa. Ni kazi ya kupongezwa, na maji yale ni salama. Ila kila tukizisoma tarehe hizo mbili pamoja tunaona mji uliojua kutotupa tone moja la maji ukiwatupa watu wake.

Kanisa likapata sauti mwaka 1971. Tarehe 30 Juni Askofu Leonard Auala na Msimamizi Paulus Gowaseb, viongozi wa makanisa mawili makubwa ya Kilutheri ya watu weusi, walimwandikia Waziri Mkuu Vorster barua ya wazi wakipinga ubaguzi na kudai uhuru wa nchi, nayo ikasomwa makanisani Jumapili. Wanafunzi wa Paulinum, chuo cha theolojia cha Otjimbingwe, walikuwa na mkono katika barua hiyo. Tunaofundisha vyuoni tungependa wanafunzi wetu walijue hilo. Miaka miwili baadaye mtambo wa kuchapia wa kanisa kule Oniipa ulilipuliwa kwa bomu.

Mwezi Juni 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilikutana Dar es Salaam, likamchagua Askofu wetu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais, Mwafrika wa kwanza. Mkutano huo ulitamka kuwa kuukataa ubaguzi wa rangi kusini mwa Afrika ni suala la ungamo la imani, si siasa ambayo Wakristo wanaweza kutofautiana juu yake na kubaki katika amani. Mwaka 1984, huko Budapest, uanachama wa kanisa la Wajerumani la Namibia ulisimamishwa pamoja na kanisa lingine la wazungu la Afrika Kusini. Ulirudishwa baada ya Namibia kupata uhuru, tarehe 21 Machi 1990.

Mwezi Mei 2017 Fungamano lilikutana Windhoek, katika mwaka wa 500 wa Matengenezo ya Kanisa. Wiki chache kabla, Kanisa la Kiinjili la Ujerumani lilikuwa limeungama hatia yake katika mauaji yale ya kimbari na kuomba msamaha. Ibada kuu ya kumbukumbu haikufanyika kilimani, chini ya madirisha ya Kaizari. Ilifanyika katika uwanja wa michezo wa Sam Nujoma, Katutura.

Pembezoni mwa Katutura, karibu na Goreangab, vibanda vya mabati vinaendelea kupanda vilimani, kwa maana watu bado wanakuja mjini kutafuta kazi. Sharika zimo humo. Wengi hawana bomba nyumbani. Huchota kwenye bomba la umma kwa kulipia kabla, ndoo kwa ndoo, na Jumapili asubuhi foleni ya maji na watu wanaokwenda ibadani hupita njia moja.